Kuusoma udongo wa mbuga: mwongozo kamili kuanzia kilimani hadi kwenye jaruba

Mwezi wa Septemba, ukishuka kutoka kwenye vilima vya mawe vya Shinyanga au Simiyu kwenda bondeni, unafika mahali ambapo ardhi imepasuka kiasi kwamba ndama anaweza kuvunjika mguu. Udongo ni mweusi, mgumu kama tofali, na jembe la mkono linadunda. Rudi pale pale mwezi wa Januari: trekta imezama hadi ekseli, na mtu akivuka anabeba kilo mbili za tope kila kiatu. Udongo ni ule ule. Ni mbuga.

Wataalamu wa udongo duniani huuita Vatisoli, kutokana na neno la Kilatini la kugeuza, kwa sababu hujipindua wenyewe. Unakadiriwa kufunika hekta milioni 335 hivi: nyanda za Dekani kule India, Gezira ya Sudan, nyanda za juu za Ethiopia, mashamba ya mpunga ya Mwea, nyika za Athi kando ya Nairobi. Mwongozo huu unakaa zaidi Usukumani, kwa sababu pale mbuga inaonekana ikiwa na ndugu zake wote kwenye mteremko mmoja, na wakulima wa pale wameupa kila udongo jina lake tangu zamani.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kulichunguza shamba lake la mbuga kama vile limeanguka pale kutoka mbinguni. Maji yake yametoka juu, na hata udongo wake wa mfinyanzi, kwa sehemu kubwa, umeumbwa na vitu vilivyotoka juu. Kwa hiyo kazi inaanzia kilimani, kwa miguu.

Hatua ya 1: Tembea mteremko mzima

Chagua siku ya kiangazi. Beba jembe, chupa ya maji, siki kidogo, daftari, na mifuko midogo ya kuwekea sampuli. Anza pale juu penye mawe makubwa ya graniti, shuka moja kwa moja hadi mahali pa chini kabisa. Kila unapoona rangi ya udongo au mimea inabadilika, simama, chimba hadi kwenye goti, andika.

Usukumani utakutana na mfululizo huu, ingawa matamshi na mipaka hutofautiana kijiji kwa kijiji. Juu, chini kidogo ya mawe, kuna luseni: kichanga chepesi, rahisi kulima hata kwa jembe la mkono, kinachofaa viazi vitamu, mihogo na karanga. Ukiendelea kushuka unafika kwenye ibambasi na itogoro, ambako chini ya kichanga chembamba kuna tabaka gumu linalozuia maji na mizizi. Kisha ibushi, udongo wa kijivu au mweusi wenye chokaa, ambao wengi huuhesabu kuwa bora kuliko wote. Mwisho, kwenye tambarare ya chini, mbuga yenyewe.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na kituo chake Amani katika Usambara, aliuona mpangilio huu ukijirudia kilima baada ya kilima, na mwaka 1935 akaupa jina la katena, yaani mnyororo. Leo neno hilo linafundishwa vyuoni dunia nzima, na lilizaliwa katika miteremko ya Afrika Mashariki. Nadhani kila mwanafunzi wa kilimo wa hapa kwetu angestahili kulijua hilo kabla ya kufundishwa mengine.

Mnyororo unafungwa na maji. Mvua inayonyesha juu huozesha mwamba polepole na kuchukua kalsiamu, magnesiamu na silika. Maji hupenya kwenye luseni, hutambaa juu ya tabaka gumu, na kushuka. Kule chini hayana pa kwenda. Jua huyanyonya, madini hubaki na kuungana upya kuwa aina ya mfinyanzi inayoitwa smektaiti. Vijani vya mfinyanzi huu ni vyembamba mno, vimepangwa kama kurasa za kitabu, na maji yakiingia katikati yake kurasa zinaachana. Yakitoka, zinabanana. Kuvimba na kupasuka kote kunatokana na hilo.

Kuna mbuga zisizofuata kanuni hii. Kwenye nyika za Athi na nyanda za juu za Ethiopia, udongo mweusi umetokana na miamba ya volkano iliyoozea papo hapo, na unaweza kuukuta juu kwenye tambarare pasipo kilima chochote cha kuulisha. Ukiwa huko, usitafute maji ya kutoka juu. Hesabu yako ya maji itakuwa mvua peke yake.

Hatua ya 2: Tazama mimea na vitu vilivyoinama

Kabla ya kuchimba shimo kubwa, soma kilicho juu. Mibuyu na miembe hupenda kukaa kwenye udongo unaopitisha maji. Kwenye mbuga halisi miti mirefu ni michache, kwa kuwa ardhi inapopasuka hukata mizizi yao, na masika huizamisha. Utaona nyasi, na mara nyingi migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi wamejenga.

Tazama pia nguzo za ua na nguzo za umeme. Zikiwa zimeinama kila moja na upande wake, ardhi inatembea. Nyumba zenye ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha ni ushahidi mwingine. Na kwenye mbuga ambayo haijalimwa, uso wa ardhi mara nyingi una vijilima na vidimbwi vidogo vinavyopishana kila baada ya hatua chache. Usidhani ni vichuguu vilivyobomoka, ni udongo uliosukumana wenyewe.

Hatua ya 3: Chimba shimo

Upana wa mita 1, urefu wa mita 1 na nusu, kina cha mita 1 na nusu. Chimba wakati wa kiangazi tu. Kuta za mbuga zikilowa huteleza kwa vipande vikubwa bila onyo, na mtu aliye ndani hana pa kukimbilia. Acha ngazi za udongo upande mmoja, na usiingie peke yako. Ukimaliza, fukia, kwa ajili ya mifugo na watoto.

Juu kabisa utakuta chembechembe ngumu ndogo kama za mtama, sentimita chache tu. Hii ni zawadi: tabaka hilo legevu hufunika unyevu wa chini kama matandazo. Chini yake kuna mabonge makubwa yaliyotenganishwa na nyufa. Pima upana wa nyufa kwa rula na kina kwa waya. Ufa wenye upana wa sentimita 1 ulioshuka hadi sentimita 50 au zaidi ni alama ya mbuga ya kweli.

Ukifika kati ya nusu mita na mita 1, bandua bonge taratibu kwa kisu, usilikate. Tafuta nyuso zinazong'aa, laini kama zimepakwa mafuta, zenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Hapo ndipo udongo ulipovimba, ukakosa nafasi, ukateleza juu ya udongo mwingine. Mabonge yenyewe yamechongoka kama kabari. Ukiziona nyuso hizo huna haja ya kuuliza maabara kama huo ni mbuga.

Chini zaidi kuna punje nyeupe. Saga moja, idondoshee siki. Ikitoa povu, ni chokaa. Sasa unajua kwamba udongo hauna asidi. Kwa kawaida pH ya mbuga ni kati ya 7 na 8.5. Tafadhali usikubali kuuziwa chokaa ya kumwaga kwenye shamba kama hili. Nimeona watu wakitumia fedha ya ada za watoto kununua kitu ambacho ardhi yao imejaa.

Rangi nyeusi nayo inadanganya. Wengi huona weusi wakadhani ni mboji tele. Mboji ya mbuga kwa kawaida ni kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 2 au chini ya hapo, lakini imeshikamana sana na mfinyanzi, hivyo hupaka rangi kuliko wingi wake. Ndiyo maana mahindi hugeuka ya manjano kwenye udongo unaoonekana kama wa kupigia mfano.

Hatua ya 4: Majaribio manne ya nyumbani

*Kamba.* Lowesha udongo kidogo, ukande, uviringishe uwe kamba nyembamba kama penseli, kisha ukunje uwe pete. Mbuga haikatiki. Luseni haifiki hata kwenye kamba.

*Kusinyaa.* Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 14. Pakaza mafuta, jaza tope zito lisilo uji, sawazisha, weka kivulini siku kadhaa na umalizie juani. Pima kipande kilichokauka. Kikiwa kimepungua sentimita 1 au zaidi, una udongo unaojikunja hasa. Fanya hivyo hivyo kwa udongo wa juu ya mteremko ili upate cha kulinganisha.

*Wingu.* Hili watu hulisahau, nalo ndilo linalookoa gharama. Weka punje kavu ya udongo kwenye bilauri ya maji ya mvua, usitikise. Subiri saa kadhaa. Punje ikibomoka tu na maji yakabaki maangavu, kalsiamu ndiyo inayotawala. Likitokea wingu la maziwa kuizunguka punje, sodiamu imezidi. Udongo wenye sodiamu huziba kabisa, na kwenye mteremko hupatikana mara nyingi katika itogoro na ibambasi, wakati mwingine na kwenye kingo za mbuga. Dawa yake ni jasi, ile inayochimbwa Makanya na Itigi, pamoja na samadi. Lakini kama eneo ni kubwa, ni busara zaidi kuliacha liwe malisho.

*Uzito.* Chukua kopo la ujazo wa mililita 500 lililokatwa pande zote mbili, ligongomelee ardhini bila kushindilia, lichimbue likiwa limejaa. Pima uzito wa udongo peke yake. Ukaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo hadi uzito usipungue tena. Tuseme ulikuwa gramu 850 ukabaki 660: maji ni gramu 190, yaani asilimia 38 ya ujazo. Kila sentimita 10 za udongo huo zimebeba milimita 38 za maji.

Hatua ya 5: Fungua daftari la maji

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 juu ya kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, basi mvua ya milimita 10 ni zaidi ya lita 40,000. Ukishika hilo, mengine ni kujumlisha na kutoa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba maji mengi ya mbuga si ya mmea. Katika mfano wetu wa milimita 38, mfinyanzi unaweza kung'ang'ania 25 hivi kwa nguvu ambayo mzizi hauiwezi. Yanayobaki ni 13 kwa kila sentimita 10, sawa na 130 katika mita moja. Luseni kwenye kina hicho inaweza kuwa na 80 tu. Mbuga ni ghala kubwa lenye mlango mgumu. Mvua ya milimita 8 iliyonyesha kwenye luseni iliyokauka humfikia mmea. Kwenye mbuga kavu humezwa na mfinyanzi, na mche unakauka huku udongo ukionekana una unyevu. Hapo ndipo mkulima anapochanganyikiwa.

Jambo la pili ni namna maji yanavyoingia. Mvua za kwanza za Novemba hazilowanishi juu kwanza. Hutumbukia kwenye nyufa na kulowanisha chini, na udongo huvimba kutoka chini kwenda juu. Kwa wiki chache mbuga hunywa kila kitu. Kisha nyufa zinafunga, na kuanzia hapo kasi ya maji kupenya huanguka, mara nyingi chini ya milimita 1 kwa saa. Dhoruba ya milimita 40 ya mchana mmoja haina pa kuingia. Husimama, au hutiririka.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu tano: akiba ya mwanzo wa wiki, mvua, maji yaliyoingia kutoka juu, maji yaliyotoka, na yaliyochukuliwa na jua na mimea. Mvua ipime kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mbali na miti. Kwa matumizi ya mmea uliokomaa katika kanda hii, hesabu milimita 4 hadi 6 kwa siku. Mche mdogo hutumia chini ya nusu ya hapo.

Mfano wa wiki moja: ulianza na 90. Mvua 35. Kutoka juu hakuna. Yaliyotiririka 10. Matumizi 4.5 kwa siku, yaani 31.5. Umebaki na 83.5. Akiba ikikaribia 130 na mvua ingali inanyesha, jua kwamba kila tone la ziada ni maji ya kusimama, na mahindi yaliyosimama majini siku mbili au tatu yanaanza kukosa hewa ya mizizi. Naitrojeni nayo hugeuka gesi na kupotea.

Safu ya maji ya kutoka juu ndiyo inayotofautisha Usukuma na Athi. Chukua ekari 5 za malisho na mawe juu ya shamba lako. Robo ya mvua ya milimita 40 ikitiririka, ni milimita 10 kwa kila ekari. Ukizikusanya kwenye ekari 1 ya jaruba, yaani shamba la mpunga lililozungushiwa kingo za kuzuia maji, umeongeza milimita 50 juu ya mvua iliyonyesha palepale. Kwenye wilaya zinazopata milimita 700 au 800 kwa mwaka, mpunga usingewezekana bila hayo maji ya jirani wa juu. Kwa sababu hiyo, mlima ukifyekwa au malisho yakilimwa, wa kwanza kuhisi ni mwenye jaruba: maji huja kwa fujo, na huja na mchanga.

Hatua ya 6: Amua maji yakae au yaondoke

Uamuzi ni mmoja kati ya hayo mawili, na ukiukwepa udongo utaamua kwa niaba yako.

Ukitaka yakae, tengeneza majaruba. Sawazisha ndani vizuri kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu tofauti ya sentimita 10 ina maana kona moja imezama na nyingine ni kavu. Kingo zishindiliwe udongo ukiwa na unyevu wa kadiri. Acha mlango wa maji uliotandikwa nyasi au mawe, usiwe udongo mtupu. Mbuga na itogoro zote hufaa, maana zote hazivuji.

Ukitaka yaondoke, kwa ajili ya mahindi, mtama au pamba, inua mimea. Kule India, kituo cha utafiti wa kilimo cha ICRISAT huko Patancheru kilieneza tuta pana la mita 1 lenye mfereji wa nusu mita, likifuata mteremko mdogo usiozidi mita 1 kwa kila mita 100. Ethiopia walifunga majembe mawili ya asili pamoja ili ng'ombe wavute tuta la sentimita 80 na mfereji wa 40. Upana hauna umuhimu kama mwelekeo: mfereji usioishia mahali ni bwawa refu. Maji ya mwisho yaelekeze kwenye nyasi au lambo, kamwe si kwenye shamba la mwenzako.

Na kuna njia ya tatu, ambayo naiheshimu kuliko zote: dengu. Simaanishi ndengu za Kenya, ambazo ni choroko. Nasema dengu nene zenye ncha, zinazopandwa katika mbuga za Kanda ya Ziwa mvua zikiisha. Mkulima anazika mbegu kwenye ghala lililojaa, na mmea unaishi kwa akiba. Milimita 130 zikitumiwa 4 kwa siku hazimalizi siku 35, lakini mche huanza na kidogo, mizizi hushuka kupita kina cha mita 1, na usiku wa Juni una ubaridi. Pima kwa kopo kabla ya kupanda: mita ya juu ikiwa nusu tupu, punguza eneo.

Hatua ya 7: Shika saa ya kulima

Mbuga inalimika siku chache tu. Chukua udongo wa kina cha jembe, ujaribu kuuviringisha uwe kamba ya unene wa milimita 3. Ikitoka kamba nzuri, rudi nyumbani. Ukilima utapata mabonge yanayong'aa yatakayokuwa mawe. Isipoviringika ila ikabomoka kwa vidole, funga ng'ombe sasa hivi. Ikiwa haivunjiki hata kwa vidole viwili, umechelewa. Wengine hulima mara tu baada ya kuvuna, kabla unyevu haujaisha, na kuacha jua na mvua za kwanza zivunje mabonge bila gharama. Ni njia nzuri sana kwa mwenye jozi moja ya maksai.

Usiingize mifugo shambani udongo ukiwa umelowa. Kwato hufunga vitundu vyote vya hewa.

Mbolea: kalsiamu na magnesiamu ziko tele, potasiamu mara nyingi inatosha. Kinachopungua ni naitrojeni na fosforasi, na kwenye mpunga mara nyingine zinki. Urea isiachwe juu ya udongo huu, hugeuka hewa. Ifukie sentimita 5, au iweke kabla ya kuingiza maji. Samadi ikiwa chache, ipeleke kwanza kwenye luseni, ambako kila toroli linaonekana.

Hatua ya 8: Visima, vyoo na nyumba

Usichimbe kisima katikati ya mbuga. Mfinyanzi hutoa maji kidogo mno, na mara nyingi yana chumvi. Tafuta pale kichanga kinapokutana na udongo mzito, mahali ambapo nyasi hubaki kijani hadi Julai; maji yanayotambaa juu ya tabaka gumu hutokeza hapo. Lambo, kwa upande mwingine, linapenda mbuga, mradi sakafu ishindiliwe na isiachwe ikauke hadi kupasuka.

Shimo la choo lijengewe ukuta wa tofali za kuchoma au pete za zege kuanzia chini. Nyumba ijenge juu kwenye luseni au karibu na mawe, kama wazee walivyoweka maboma yao. Ukilazimika kujenga bondeni, fanya kama mafundi wa Nairobi: ondoa udongo mweusi wote hadi kwenye mwamba au moramu, jaza moramu na ushindilie kwa matabaka. Kama ni mnene mno kuuondoa, hiyo ni kazi ya mhandisi. Zungushia sakafu ya zege yenye upana wa mita 1 inayoelekeza maji ya paa mbali na msingi, na usipande mti mkubwa karibu na ukuta. Mti huo utanyonya maji ya upande mmoja wa nyumba, na upande huo utashuka.

Daftari la maji liendeleze misimu mitatu angalau. Mwaka wa kwanza utajua tu wakati nyufa zinapofunga. Mwaka wa tatu utaweza kumwambia jirani wa juu, kwa tarakimu, ni mvua ipi iliyotoka kwake ikajaza jaruba lako, na mkae pamoja kupanga mahali pa kupanda nyasi.